Taima Imerekebishwa, Lakini Imepimwa?

Seva ndogo ya ofisi ina kazi moja ya usiku: saa nane kamili, ichukue nakala rudufu ya hesabu za siku na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine. Kazi hiyo huamshwa na taima ya systemd, faili la nakala.timer lenye mstari OnCalendar=*-*-* 02:00:00. Umeme ukikatika saa saba usiku na kurudi alfajiri, seva inawaka, taima inapanga zamu ya usiku unaofuata, na nakala ya jana haipo. Onyo halitolewi, kwa kuwa kwa hesabu za systemd hakuna kilichoharibika.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye nakala.timer: Persistent=true. Systemd huweka alama ya mara ya mwisho kazi ilipoendeshwa. Taima ikiwashwa na kukuta zamu imepita, huilipa papo hapo. Kazi kubwa ni kuthibitisha kwamba dawa imeingia. Wengi hutazama systemctl list-timers, wakaiona taima kwenye orodha, wakafunga kompyuta. Orodha hiyo hutaja zamu ijayo. Haielezi kama kazi yenyewe hufika mwisho, wala itakuwaje zamu ikipita seva ikiwa imezimwa.

Anza na kazi yenyewe, yaani nakala.service ambayo taima huiamsha, bila kusubiri usiku: systemctl start nakala.service, kisha soma journalctl -u nakala.service. Skripti inayokwenda vizuri ukiiendesha mwenyewe inaweza kukwama hapa, kwa sababu systemd haisomi mipangilio ya akaunti yako. Andika njia za programu kwa ukamilifu.

Kisha pima ratiba. Amri ya systemd-analyze calendar --iterations=3 "*-*-* 02:00:00" hutaja zamu tatu zijazo. Seva nyingi za kukodi hufuata saa za UTC, na hapo zamu ya 02:00 huangukia saa kumi na moja alfajiri ya Nairobi na Dar es Salaam. Ukitaka saa za kwetu, ongeza Africa/Nairobi mwishoni mwa ratiba. Tena, anayebadilisha saa kwa systemctl edit ajue kwamba OnCalendar mpya haifuti ya zamani. Zote mbili zitafanya kazi. Tangulia na mstari wa OnCalendar= mtupu, ndipo uandike saa mpya. Kwa kuwa list-timers huonyesha zamu iliyo karibu tu, ratiba ya ziada hujificha. Itafute kwa systemctl show -p TimersCalendar nakala.timer.

Sasa lijaribu lile kosa lenyewe. Alama hukaa /var/lib/systemd/timers/stamp-nakala.timer, na systemd husoma tarehe ambayo faili hilo lilibadilishwa mara ya mwisho. Kwa hiyo:

systemctl daemon-reload
systemctl stop nakala.timer
touch -d "2 days ago" /var/lib/systemd/timers/stamp-nakala.timer
systemctl start nakala.timer

Kazi inapaswa kuanza mara moja. Huna haja ya kuchezea saa ya seva, jambo linaloweza kuvuruga vyeti vya usalama na programu nyingine. Jaribio hili pia hukuepusha na hukumu ya haraka: mtu huongeza Persistent=true, haanzishi taima upya, usiku umeme unakatika, asubuhi anasema dawa haifanyi kazi. Kumbe alama haikuwa imeandikwa bado, na bila alama systemd haina cha kulinganisha.

Linabaki jambo moja ambalo touch haiwezi kulifichua. Zamu inayolipwa wakati seva inawaka inaweza kuanza kabla mtandao haujawa tayari, na nakala ikashindwa kwenda. Weka Wants=network-online.target na After=network-online.target kwenye nakala.service, zima seva kabla ya saa nane, iwashe baadaye, usome tena journalctl. Kazi ikichelewa kwa sekunde kadhaa usishtuke. Mpangilio wa taima uitwao AccuracySec, usipobadilishwa, huruhusu kuchelewa hadi dakika moja.

Marekebisho ya aina hii huhesabiwa kuwa yamekamilika pale kosa lililoyaleta linaporudishwa kwa makusudi na kazi ikafanyika. Kabla ya hapo, usimwambie mhasibu kwamba hesabu zake ziko salama.