Kijani cha Haneti hakihitaji mbwembwe

Kidani nilichoonyeshwa Haneti, wilayani Chamwino, kilikuwa na vitu viwili visivyoelewana. Katikati, vipande vya krisoprasi, jiwe la kijani linalochimbwa hukohuko. Kandokando, shanga za kioo zinazobadilika rangi kama mafuta ya taa juu ya maji.

Nikiri: macho yangu yalikimbilia shanga. Ukizigeuza, zambarau inakuwa buluu, buluu inakuwa dhahabu. Lakini uzuri huo ni wa juujuu: utando mwembamba wa metali uliopakwa kiwandani. Ukisuguliwa sana, unatoka.

Jiwe halichezi hivyo. Kijani chake kinatokana na nikeli, na kimeingia mpaka ndani. Mwanga unazama kidogo, unatulia, kama kwenye zabibu mbichi ukiiinua juani.

Aliyekitunga aliniambia wateja wa mjini hawanunui bila "vya kung'aa". Namwelewa, biashara ni biashara. Ila hapo ndipo kidani kinapoanguka: kioo kinapiga kelele, jiwe halisikiki, na mnunuzi anaondoka akikumbuka kitu ambacho angekipata hata Kariakoo.

Mimi ningetoa shanga zote, nikabaki na uzi mweusi na nafasi kati ya jiwe na jiwe. Na ningemwambia mnunuzi ukweli: usiliache juani wala karibu na moto, rangi hupauka.

Nilimwomba anitungie kimoja cha hivyo. Akacheka, akasema basi kitakuwa rahisi, maana hakina mapambo. Nikalipa bei ileile.