Picha za Karatasi Kuingia Mtandaoni: Kazi Inavyofanyika

Upigaji picha wa studio uliingia Mji Mkongwe wa Zanzibar katika karne ya 19. A. C. Gomes, ndugu wa ukoo wa Coutinho na Pereira de Lord walipiga picha za watu na mitaa, nyingine zikauzwa kama postikadi. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, iliyojulikana sana katika Barabara ya Kenyatta. Picha nyingi za zama hizo sasa zinaonekana kwenye intaneti: Mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za miaka ya 1860 hadi 1960, uliwekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Nyingine zimo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, na katika albamu za majumbani.

Adui wa picha hizo Unguja ni unyevu. Hewa ya pwani hulainisha tabaka la jelatini linalobeba taswira, kuvu ikaota, na picha iliyo kwenye fremu ikagandana na kioo chake. Picha iliyoganda haibanduliwi. Hupigwa kwa kamera juu ya kioo hichohicho, taa zikiwekwa pembeni ili zisiakisi. Picha iliyo huru hupanguswa vumbi kwa brashi laini, bila maji. Dawa ya kusafishia skana hutiwa kwenye kitambaa, kamwe si moja kwa moja kiooni.

Baada ya usafi, hatua ya pili ni kuchagua msongamano wa skani, yaani idadi ya nukta kwa inchi. Postikadi ya sentimita 9 kwa 14 ikiskaniwa kwa nukta 300 hutoa pikseli kama 1,060 kwa 1,650. Kwa nukta 600 hutoa 2,130 kwa 3,310, na faili la rangi lisilobanwa la megabaiti 21 hivi. Nukta 600 ndizo zinazofaa kwa picha ndogo, kwa sababu uso wa mtu aliyesimama nyuma ya kundi huenda una upana wa milimita chache tu.

Picha nyeusi-nyeupe nayo huskaniwa kwa rangi, ili hudhurungi ya karatasi kuukuu, wino na muhuri wa studio visipotee. Marekebisho ya kiotomatiki huzimwa. Mfano ni picha ya bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, pembeni yake mwanamke mwenye buibui. Skana ikiachwa ijiamulie, huenda ikaongeza mwangaza hadi tarizi ya shingoni ikafutika, au ikakoleza giza hadi mikunjo ya buibui ikawa doa moja jeusi. Kilichopotea hapo hakirudishwi na programu yoyote. Upande wa nyuma huskaniwa pia, kwani mara nyingi ndiko kuliko na jina na mwaka.

Postikadi zilizochapwa kiwandani zina tatizo lake. Taswira ya nyingi kati yake imeundwa kwa vinukta vya wino, vinavyoonekana kwa lenzi ya kukuzia, na kwenye skani huzaa michirizi kama mawimbi. Dawa yake ni kuskani kwa nukta nyingi, kutumia kichujio cha kuondoa vinukta, kisha kupunguza ukubwa.

Skani ya awali ya kila picha huhifadhiwa katika muundo wa TIFF na haiguswi tena. Nakala ya tovuti hutengenezwa kutoka kwake: hunyooshwa, huondolewa vumbi, hugeuzwa kuwa rangi za sRGB, hupunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi upande mrefu, hutiwa ukali kidogo, kisha huhifadhiwa kama JPEG ya ubora wa 80. Imani kwamba picha ya tovuti lazima iwe ya nukta 72 haina msingi. Kivinjari huhesabu pikseli tu.

Jina la faili huandikwa bila nafasi wala kibainishi: “ngambo-1955.jpg”, si “Ng'ambo 1955.jpg”, maana alama hizo huvuruga viungo. Maelezo hutaja mahali, mwaka, mpigaji na mwenye picha; mwaka usio na hakika huandikwa “takriban”. Picha za harusi na za ndani ya nyumba hazipandishwi bila ridhaa ya familia.

Faili la TIFF huwekwa nakala mbili, moja nje ya nyumba. Picha ya karatasi yenyewe hurudishwa kwenye bahasha kavu, haitupwi.