Pepo za Msimu na Kihamba: Uaminifu wa Mapenzi kutoka Pwani hadi Moshi

Katika ushairi wa Kiswahili wa pwani, safari ya baharini ni mtihani wa mapenzi. Jambo linalopitwa kwa urahisi katika uhakiki ni kwamba mtihani huo una kalenda. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu. Baharia wa jahazi aliondoka kwa upepo mmoja, akatarajiwa kurudi kwa mwingine. Hivyo, subira ya mpenzi aliyebaki ilikuwa na kikomo kinachojulikana.

Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, zilizomo katika diwani iliyohaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka 1940, zimezaliwa katika mazingira hayo ya bandari, biashara na mapenzi. Sauti inayotawala humo ni ya mwanamume. Mpenzi wake huonekana zaidi kupitia macho ya msemaji. Swali la nani hubeba uzito wa kungoja halijitokezi waziwazi, kwa kuwa upepo hulijibu mapema.

Swali hilo hupata sura nyingine Kiswahili kinapopanda kuelekea Kilimanjaro. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Katika miaka ya 1950, Frank Humplick wa Moshi na dada zake, Thecla na Maria Regina, walikuwa wakiimba kwa Kiswahili, mapenzi yakiwa miongoni mwa mada zao. Lugha ya kutamani ilipanda mlima, lakini kalenda ya pepo haikupanda nayo. Mchaga anayekwenda kutafuta riziki Dar es Salaam au Mombasa harudishwi na kusi wala kaskazi. Msimu wake ni Krismasi, nao hutegemea nauli na nia. Asiporudi, hana bahari ya kuisingizia.

Kwa upande wa anayebaki, uaminifu hauonekani katika kukodoa macho ufukweni. Huonekana katika migomba iliyopaliwa, kahawa iliyochumwa na majani ya ng'ombe yaliyobebwa kichwani kupanda mlima. Hapo mapenzi yanakutana na suala la haki. Kwa mila, kihamba hurithiwa kupitia watoto wa kiume. Hivyo mwanamke mwaminifu anaweza kustawisha kwa miaka mingi ardhi isiyo yake. Penelope wa Homer alifuma mchana na kufumua usiku, akabaki na mamlaka juu ya muda wake. Mwenye kulima kihamba hawezi kufumua alichokwisha kupanda.

Kwa hiyo, taswira ya bahari haifai kuhamishiwa mlimani kana kwamba kungoja ni kule kule. Uhakiki unaousifu uaminifu wa anayebaki unapaswa pia kuuliza nani huvuna matunda ya uaminifu huo.