"Ole", "wa" na "bin": Tarakilishi Isomapo Majina Yetu

Makala haya yanahusu kosa lipatikanalo katika orodha za marejeo za tasnifu zetu, kurasa ambazo wahakiki wengi huzipita bila kuzisoma. Tuanzie Olkaria, karibu na Naivasha, mahali panapojulikana kwa umeme wa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, wala si kwa fasihi. Jina hilo ni la Kimaasai, lenye maana ya udongo mwekundu wa kujipaka, na "ol" ya mwanzo ni kiambishi cha jinsia ya kiume. Katika jina la mahali kiambishi kimekwisha kushikamana na neno, na tarakilishi haina pa kukosea. Taabu huanza katika majina ya watu, ambamo "ole", yaani "mwana wa", husimama peke yake.

Mtafiti anayeshughulikia fasihi na ardhi ya Wamaasai, tuseme kwa kuchochewa na kuhamishwa kwa wakazi wa Olkaria mwaka 2014 ili kupisha mitambo ya umeme, hawezi kumkwepa Henry R. ole Kulet, aliyefariki mwaka 2021. Riwaya yake ya Blossoms of the Savannah (2008) ilimpatia Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Je, programu ya kupanga marejeo itamwandikaje? Katika BibTeX, iliyotungwa mwaka 1985, neno lenye herufi ndogo katikati ya jina huchukuliwa kuwa sawa na "von" ya Kijerumani. Akiandikwa "ole Kulet", atasalimika kwa kiasi. Akiandikwa "Ole Kulet", "Ole" itahesabiwa kuwa jina lake la kati, naye atatokea kama "H. R. O. Kulet". Hivyo mwandishi mmoja aweza kuhesabiwa kuwa wawili, na kila mmoja akapewa sehemu tu ya sifa yake.

Kichekesho zaidi ni cha TUKI. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotayarisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, inasomwa na programu hiyo kama mtu: jina lake la kwanza ni "Taasisi", ukoo wake ni "Kiswahili", na "ya Uchunguzi wa" ndiyo "von" yake! Orodha ikifupisha majina ya kwanza, kamusi hiyo itatungwa na bwana mmoja aitwaye "T. ya Uchunguzi wa Kiswahili".

Kwa Ngũgĩ wa Thiong'o hatucheki. Huyu alichapisha Weep Not, Child mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi, kisha akalikataa jina la kizungu kwa hiari na kwa hoja. Tarakilishi humfanya "N. wa Thiong'o": jina alilolitetea linabaki herufi moja, na la babaye ndilo linalosimama. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, naye huwa "M. bin Haji". Kwa maoni yetu huku ni kufasiri, tena kufasiri kubaya, kwa kuwa kunadai kwamba kila binadamu ana jina la ukoo na kwamba jina hilo huja mwisho.

Wapo watakaosema kuwa hatari kubwa zaidi ni marejeo yanayobuniwa na akili mnemba, kama yale yaliyowafanya mawakili wa New York watozwe faini ya dola 5,000 mwaka 2023. Hatukatai. Lakini kitabu kisichokuwapo hugunduliwa mara kinapotafutwa. Makosa tunayoyajadili hudumu kwa sababu kitabu kipo, mwaka ni sahihi na mchapishaji ni sahihi.

Dawa ya TUKI ni nyepesi: jina zima hufungwa ndani ya mabano ya mawimbi, na programu huliacha kama lilivyo. Majina ya watu hayana kanuni moja. Muyaka apangwe chini ya M, na Ngũgĩ chini ya N, kwa kuwa ndivyo wanavyoitwa. Kwa ole Kulet tungependelea O. Nchini Kenya "ole" na jina linalofuata hutamkwa kama kitu kimoja, kama ilivyokuwa kwa mwanasiasa William ole Ntimama wa Narok, ambaye watu walimwita Ole Ntimama. Maktaba nyingine zitapendelea K, na hoja yao ina uzito wake, maadamu aliyeamua amejua "ole" ni nini.