Ndoo ya Kuja na Ndoo ya Maji

Msimamizi wa ujenzi Mji wa Kale, Mombasa, akimwambia kibarua kutoka bara, "Ndoo hapa!", huenda akaletewa ndoo ya maji. Kwa Kimvita, "njoo" ni "ndoo", kama "njia" ilivyo "ndia" na "njaa" "ndaa".

Wapo wanaodai dawa ni kupiga marufuku lahaja kazini. Mimi nasema, la! Kimvita si Kiswahili kibovu. Kina kanuni zake, ila mkutano wa 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, uliteua Kiunguja kiwe msingi wa usanifu.

Kosa ni kuamrisha bila kuhakikisha umeeleweka. Msimamizi na aulize, "Umeelewa nini?" Naye kibarua asione haya kujibu, "Sijaelewa, mzee, hebu niambie tena."