Ujasiri wa Asiyejua: Mtoto na Ukweli katika Number the Stars

Mwandishi wa kitabu cha watoto kihusucho Maangamizi ya Wayahudi hujikuta katika mashaka: msomaji wake ahitaji tumaini, na historia yenyewe ina tumaini haba. Wengi hukimbilia habari za uokoaji. Ndiyo sababu Denmark, ambako Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa baharini hadi Sweden mwaka 1943, imewavutia sana waandishi hao.

Number the Stars cha Lois Lowry (1989), kilichopata nishani ya Newbery mwaka 1990, nakihesabu miongoni mwa vilivyo bora. Ubora wake hautokani na visa vya kutoroka, bali na swali moja: je, mtu aweza kuwa jasiri pasipo kujua? Annemarie, msichana wa miaka 10, aambiwa kwamba Birte, bibi mmoja wa ukoo wao, amefariki. Atambua kuwa hapakuwa na bibi wa jina hilo. Mjomba wake Henrik, mvuvi wa Gilleleje, hakani. Amweleza tu kwamba ni rahisi kuwa jasiri usipojua yote. Tangu hapo jeneza lililo sebuleni ni siri yake pia, na askari waingiapo usiku kuuliza nani amekufa, ni yeye ajibuye.

Fani yaitumikia dhamira hii barabara. Baadaye Annemarie apita msituni na kikapu chenye kifurushi asichokijua. Akisimamishwa na askari wenye mbwa, hajitii ushujaa. Ajifanya mtoto mjinga mwenye maneno mengi, mfano wa mdogo wake Kirsti. Kutojua kwake kwa kweli na ujinga wake wa kuigiza vyamwokoa kwa pamoja. Msomaji naye hajui, na hofu yao ni moja.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Je, ana haki ya kumtendea msomaji kama Henrik alivyomtendea mpwa wake? Katika Gilleleje halisi, Oktoba 1943, Wayahudi wapatao 80 waliofichwa darini mwa kanisa walisalitiwa, wakakamatwa. Aidha, wavuvi wengi walitoza nauli, baadhi yao nauli kubwa mno. Katika masimulizi ya Lowry mvuvi hatozi kitu. Haiwezi kusemwa kwamba mtoto hastahimili habari kama hizo, kwani mwishoni Annemarie mwenyewe afunuliwa kuwa dada yake Lise aligongwa na gari la wanajeshi kwa makusudi. Astahimiliye hayo angestahimili pia kumwona mvuvi akihesabu fedha kabla ya kung'oa nanga. Tena Henrik angeng'aa zaidi, kwa kuwa tungeiona njia ya pili aliyoikataa.

Carmen Agra Deedy, katika The Yellow Star (2000), asimulia kuwa mfalme Christian X alivaa nyota ya njano ili kuwakinga raia wake. Kisha, katika maelezo ya mwisho, akiri kwamba hiyo ni hekaya. Wayahudi wa Denmark, kwa hakika, hawakulazimishwa kuvaa nyota hiyo. Kisanaa kitabu hiki hakikifikii cha Lowry, wala hakina mhusika wa kulinganishwa na Annemarie. Hata hivyo, mtoto akifungapo ajua lipi lilitamaniwa na lipi lilitendeka.