Kirikuu ya Fundi, na Namna ya Kuipima

Fundi anayehudumia ofisi za Kivukoni, Dar es Salaam, haegeshi mlangoni kwa mteja. Asubuhi mapema tu Barabara ya Samora, Mtaa wa Ohio na Mtaa wa Shaaban Robert imeshajaa magari, ushuru wa maegesho wa TARURA unahesabika, na nafasi ikipatikana huwa mbali na jengo lenye kazi. Kariakoo ndiyo kabisa. Mtaa wa Kongo umejaa watu na bidhaa, gari linaachwa pembeni, na fundi anaingia kwa miguu na vifaa vyake mkononi. Halafu kuna ngazi za kupanda, maana umeme ukikatika lifti nayo imelala.

Ndiyo maana kirikuu ya fundi naipima kwa jambo moja kabla ya mengine yote: mwenyewe hurudi garini mara ngapi kazi ikiwa katikati. Wako mafundi ambao wakishashuka na vifaa hawaonekani tena garini mpaka wamemaliza. Wako wengine wanaopanda na kushuka kutwa nzima, mara spana namba 17, mara geji, mara tepu, na mteja wa ghorofa ya sita anawaangalia tu. Wote wanaweza kuwa na mikono mizuri, ila mmoja gari lake limepangwa na mwingine gari lake limejazwa.

Naizungumzia kirikuu kwa sababu ndilo gari la kazi lililoenea mjini kwetu, ile Suzuki Carry ndogo yenye bodi ya wazi nyuma. Ilitengenezwa kwa kufuata sheria ya Japani ya magari madogo: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, na mzigo usizidi kilo 350. Udogo huo ndio faida yake, kwa kuwa inaingia kwenye vichochoro ambavyo Hiace hugeuzia nje. Bodi yake ina urefu wa karibu mita mbili, na vilango vyake vitatu, cha nyuma na viwili vya pembeni, vyote vinashuka. Fundi anayejua gari lake hulinda vilango hivyo. Akiona sanduku limekaa mahali linapozuia kilango cha kushoto kushuka, anajua aliyelifunga hakuwahi kulifanyia kazi.

Sasa hizo kilo 350. Watu huzisahau kwa sababu gari halisemi kitu. Linabeba mifuko kumi ya saruji kutoka Gerezani likiinama nyuma, na mwenyewe anaona kumbe inawezekana. Lakini fundi habebi mzigo siku moja akaushusha. Mzigo wake ni wa kudumu, unalala na gari, na kila gramu inakula springi na breki mwaka mzima. Shiti ya chuma ya milimita 1.5 ina uzito wa karibu kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Sanduku la kukaa nyuma ya kabini, pamoja na mfuniko na migawanyo ya ndani, hula mita sita za mraba bila shida. Hizo ni kilo 70, yaani moja ya tano ya mzigo wote imekwisha kabla hata bisibisi haijaingia. Ongeza ngazi, mtungi mpya wa R-22 wenye gesi kilo 13.6, mashine ya kuchomelea, halafu mteja anakuomba umchukulie ile sehemu ya nje ya AC ya BTU 24,000 ambayo peke yake yaweza kufika kilo 40. Mwenye akili huagiza kuta za milimita 1 na kuacha milimita 1.5 kwa kitako na mfuniko. Mtu akijisifu kwamba sanduku lake ni zito kama la benki, mwulize springi amebadilisha lini.

Uzito ukishajulikana, swali ni ukae wapi. Hapa wapakiaji wa mikokoteni wa Kariakoo ni walimu kuliko mafundi wengi, na ningependa kijana yeyote anayeanza kazi akae nusu saa awatazame tu. Mzigo wao huupanga juu ya ekseli. Ukielemea nyuma mno, mikono ya mkokoteni inainuka na kumnyanyua mtu. Ukielemea mbele mno, unamlalia kifuani. Wanapachika gunia, wanainua mikono kidogo, wanasikiliza, wanasogeza. Kirikuu nayo iko hivyo hivyo. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli ya nyuma, pua inakuwa nyepesi, usukani unaelea, na matairi ya mbele hayashiki sawasawa ukifunga breki kwenye barabara iliyolowa. Kwa hiyo mitungi, mashine na kikasha cha spana viegemee kabini, na vyepesi ndivyo vikae mkiani. Ngazi ikae juu kwenye keria, ifungwe ncha zote mbili, kwa sababu iliyofungwa katikati peke yake huzunguka na kumpiga mtu wa bodaboda.

Tanzania tunaendesha kushoto, hivyo gari likiegeshwa upande wa kushoto unatazama watembea kwa miguu na upande wa kulia unatazama magari. Jambo lenyewe liko wazi, lakini masanduku mengi mazuri kwa macho hufungukia kulia, na mwenye nalo anachagua vifaa vyake akiwa amesimama barabarani, mgongo ameupa daladala. Sanduku la kweli hufungukia kushoto au nyuma. Kinachotumika kila siku kiwe kwenye usawa wa kiuno, karibu na mlango. Kinachotumika mara moja kwa mwezi ndicho kilale chini kabisa. Fundi akilazimika kutoa vitu vitatu ili afikie cha nne, basi hivyo vitatu vimewekwa mahali pasipo pao.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ya bei rahisi mno: ndoo za rangi za lita 20. Fundi aliyeiva hapangi gari kwa aina ya vifaa, spana huku na plaizi kule, kama duka la Kariakoo. Hupanga kwa kazi. Ndoo moja ya kusafisha AC ina brashi, pampu ya kupulizia, nailoni ya kukinga ukuta, vitambaa na bisibisi zake humo humo. Ya pili ni ya bomba, yenye spana ya bomba, tepu, raba za akiba, msumeno mdogo, kona na soketi chache za nusu inchi. Ya tatu ni ya umeme, na testa yake imo ndani. Bisibisi hiyo hiyo utaikuta kwenye ndoo zote tatu, na wanaoona ni upotevu wa pesa hawajapanda ghorofa sita kuifuata moja. Akipigiwa simu ya kazi, fundi hashuki na kuanza kutafuta. Anashika ndoo na kuondoka. Ndoo ikirudi garini inajazwa pale pale kilichopungua, kabla gari halijawashwa, kwa kuwa kesho asubuhi hakuna atakayekumbuka kwamba tepu ilikwisha. Ukitaka kumjua fundi bila kumwuliza neno, mwombe akuonyeshe ndoo moja tu, uone kama chini yake kuna mchanga, nati zisizo na bolti na risiti za mwaka juzi.

Mitungi haina mzaha. Wa asetilini husimama wima siku zote, kwa sababu gesi yake imeyeyushwa ndani ya asetoni, na ukilazwa asetoni hutoka pamoja na gesi. Reguleta hufunguliwa na kuwekwa pembeni gari linapotembea, na kofia ya valvu hurudishwa mahali pake. Mtungi wowote ufungwe mkanda sehemu mbili, juu na chini, usifungiwe kwenye sanduku lisilo na matundu ya hewa, na usiachwe kwenye jua la mchana la Dar es Salaam bila kivuli cha turubai. AC mpya nyingi zinatumia R-32, ambayo yaweza kushika moto, tofauti na R-22 tuliyoizoea, kwa hiyo kauli ya "tumebeba hivi miaka yote" haitoshi tena. Mtungi wa kuzimia moto ukae kabini, mkono unapoufikia ukiwa umesimama nje ya mlango. Nimeuona mara nyingi mno ukiwa chini ya kamba na ndoo, umewekwa kwa ajili ya trafiki.

Tuje kwenye sanduku lenyewe, maana hapo ndipo pesa ya mafundi inapopotea. Gerezani kuna watu wanaojua chuma vizuri sana, na kuna wanaojua rangi. Usitazame rangi. Inua mfuniko upapase ukingo wake kwa kidole. Ukingo uliokunjwa ni mnene na laini, ulioachwa kama ulivyokatwa unachana mkono na ndio unaoanza kutu. Mfuniko mzuri unashuka nje ya kuta, kama wa sufuria la pilau, maji ya mvua yakatiririkia nje. Uliolingana na kuta, hata uwekewe raba nene kiasi gani, utaingiza maji masika ya kwanza. Tazama maungio kwa ndani. Shiti nyembamba ikichomelewa mfululizo hupinda, hivyo fundi mzuri huchomelea vipande vifupi vifupi kisha huziba nafasi zote kwa gundi ya bodi kabla ya kupaka rangi. Aliyechomelea vipande akaacha mianya ameacha nyumba ya chumvi. Na kama shiti ni ya mabati, pale moto ulipopita zinki imeungua. Pasipopakwa rangi ya zinki upya, kutu itaanzia hapo hapo huku sehemu nyingine ikimeremeta.

Sanduku lisichomelewe kwenye bodi. Lifungwe kwa bolti zenye washa pana chini, na likae juu ya vipande vya raba ili maji yapite. Siku utakapohitaji kuliondoa, kupitisha mzigo mwingine au kupaka rangi chini yake, utashukuru. Kwenye kona za chini kuwe na tundu dogo la kutolea maji. Bawaba zichunguzwe pini. Pini inayochomoka kwa nyundo ina maana kufuli lako, liwe ghali vipi, ni pambo, na Kariakoo hawahitaji dakika tano kuligundua hilo.

Chumvi ndiyo adui wa kudumu wa gari la Kivukoni. Upepo wa bahari unavuma kutoka mlango wa bandari mchana kutwa, na gari linaloegeshwa karibu na Feri linaioga bila kugusa maji. Kirikuu iliyowahi kubeba samaki kutoka soko la Feri ina historia mbaya zaidi, kwani maji ya barafu na chumvi yameshuka kwenye maungio ya bodi kila alfajiri. Ukinunua iliyotumika, usikubali rangi mpya ikusemee. Lala chini na tochi, tazama bawaba za vilango, matao ya matairi na sehemu ya chesisi iliyo nyuma ya kabini, kisha gonga kwa bolti. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na unga mwekundu unamwagika. Ikishakuwa yako, ioshwe chini kwa maji baridi kila wiki. Ukivuka Jangwani maji yakiwa yamejaa, siku hiyo hiyo kagua oili ya difu, na ukiiona ina rangi ya maziwa, imwage.

Injini ya kirikuu iko chini ya viti. Ukitaka kupima oili lazima uinue kiti, na hapo ndipo unapomjua mwenye gari. Kiti cha abiria kilichorundikwa drili, kebo na chupa za maji hakiinuliwi, na oili yake haipimwi. Injini ya cc 660 hufanya kazi kwa kasi kubwa na hubeba oili kidogo. Mimi singeivusha kilomita 5,000, na kwa foleni za Posta ningebadilisha mapema zaidi. Zile za miaka ya 1990 zenye injini ya F6A zina mkanda wa taiming ambao una umri wake. K6A iliyofuata ina mnyororo. Usipojua gari lako lina ipi, makenika atakuuzia kitu ambacho gari lako halina.

Matairi ni 145R12, na wengi hufunga ya gari dogo la abiria kwa kuwa ni nafuu. Soma ubavuni: tairi la mzigo huandikwa 6PR au 8PR. Tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ni wiki na mwaka, hivyo 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Duka likiwa na matairi yanayong'aa lakini ya zamani, hapo ndipo utajua.

Umeme wa ziada usizidi taa mbili za ndani ya sanduku, zenye fyuzi karibu na betri. Grinda ya wati 850 kupitia invata ingevuta zaidi ya ampea 70, na betri ndogo ya kirikuu haikuumbwa kwa hilo.

Kwa anayekwenda Gerezani kuchukua sanduku lake jipya: usimalizie hela hapo hapo. Omba ndoo ya maji, funga mfuniko, yamwage yote juu taratibu, subiri kidogo, kisha fungua na upitishe karatasi kavu kwenye kona za ndani. Karatasi ikilowa, mwachie fundi sanduku lake alirekebishe, na hela yako ibaki mfukoni mpaka itoke kavu.